Mazungumzo Baada ya Habari: Saa Inayohesabu Hatua za Askari



Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya vilima vya Rugerero, ufuko wa Gisenyi huwa umekwisha kupata watu wanaokimbia. Wapo wanafunzi, wapo watumishi wa serikali na wa mashirika, wapo akina mama wanaotembea wawili wawili huku wakizungumza, na wapo askari waliotoka zamu au walio likizo. Hewa huwa ya baridi, maana ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kando ya maji ina kivuli cha miti. Inaanzia karibu na mpaka wa Goma na kuelekea kusini hata Nyamyumba, penye kiwanda cha bia na chemchemi za maji ya moto. Mwenye pumzi za kutosha anaweza kushika ile njia ya watalii iitwayo Congo Nile Trail akaenda mpaka Rusizi, mwendo wa kilomita 227.

Mkiwatazama wakimbiaji hao mtaona kwamba wengi wamevaa saa nyeusi mkononi, au wamefunga simu kwenye mkono wa juu. Mkimbiaji akifika mwisho wa safari yake, jambo la kwanza analolifanya si kunywa maji wala kujifuta jasho. Hutazama kioo. Kioo kinamwambia amekimbia kilomita ngapi, kwa dakika ngapi, moyo wake umepiga mara ngapi, na kama leo amefanya vizuri kuliko jana. Ipo programu inayohesabu hatua. Ipo inayoandika saa za kulala na za kuamka, glasi za maji, chupa za bia, uzito wa mwili, hata siku ambazo mtu alikasirika na siku alizofurahi. Mambo ambayo zamani yalijulikana na mwenyewe, mkewe na Mungu, leo yanaandikwa kila siku bila kukosa.

Yafaa niseme mapema, ili nisije nikaeleweka vibaya, kwamba hatuna ugomvi na mazoezi, wala hatuna ugomvi na mtu anayetaka kujua hali ya mwili wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 mpaka 300 kila juma. Mjini Kigali, tangu mwaka 2016, zimetengwa Jumapili ambazo barabara fulani hufungwa kwa magari na kuachiwa watu wanaotembea na kukimbia, na hapo hapo wananchi hupimwa shinikizo la damu na sukari. Ni jambo jema. Askari ambaye mkanda wake unaongezwa tundu kila mwaka hawezi kumkimbiza mwizi, wala hawezi kupanda mlima na mzigo mgongoni.

Hata zile hatua 10,000 ambazo simu nyingi zinamdai mtu kila siku hazikutoka kwa daktari yeyote. Zilitoka Japani mwaka 1965, wakati kampuni moja ya huko ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2019 juu ya wanawake wazee ulionyesha kwamba hata waliofikisha hatua 4,400 kwa siku walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliobaki kwenye 2,700, na kwamba faida hiyo haikuendelea kuongezeka sana baada ya hatua 7,500. Basi ndugu yangu unayezunguka meza usiku wa manane ili kutimiza hesabu ya simu, nenda ukalale.

Lakini sikuja hapa kuzungumza habari za meza. Nimekuja kuzungumza juu ya mahali zinakokwenda hesabu hizo baada ya mwenye saa kulala.

Kuna jambo ambalo wengi huchanganya, na hapana budi tulifafanue. Simu au saa hujua ilipo kwa kusikiliza ishara za setilaiti za GPS, mtambo uliojengwa na jeshi la Marekani, ambao setilaiti zake huzunguka dunia kwa umbali wa kilomita zipatazo 20,200 juu yetu. Setilaiti inasema, saa inasikiliza. Saa haijibu, na katika kusikiliza huko hakuna siri inayotoka. Siri hutoka baadaye, mkimbiaji anaporudi nyumbani na programu yake ikachukua nukta zote ilizoziandika njiani, pengine nukta moja kila sekunde, ikazipeleka kwa njia ya intaneti mpaka kwenye mitambo ya kampuni iliyoko nchi nyingine. Kila nukta ina mahali na ina saa. Ukiziunganisha unapata njia, na ukiunganisha njia za miezi sita unapata desturi ya mtu.

Sasa tazameni yaliyotokea. Mnamo Novemba 2017 kampuni ya Kimarekani iitwayo Strava, ambayo programu yake inapendwa sana na wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilitoa ramani ya dunia nzima. Ilikusanya mazoezi bilioni moja ya wateja wake, yenye jumla ya kilomita bilioni 27, ikayachora kama mistari ya mwanga juu ya ardhi nyeusi. Mahali walipopita watu wengi paling'aa sana, na mahali ambapo hakupita mtu mwenye programu hiyo palibaki giza. Kampuni haikuwa na nia mbaya. Ilitaka kujivunia wateja wake. Wala haikuandika jina la mtu yeyote katika ramani hiyo, na mazoezi ambayo wenyewe waliyafanya kuwa ya siri haikuyatia.

Zikapita wiki nyingi watu wakiitazama na kuisifu. Ndipo tarehe 27 Januari 2018 kijana mmoja wa Australia, mwanafunzi wa miaka 20 aitwaye Nathan Ruser, alipoitazama kwa jicho jingine. Hakutazama London wala New York, ambako mwanga umejaa kila mahali na hausemi kitu. Alitazama gizani. Katika Syria na Afghanistan, katikati ya jangwa lisilo na mji, aliona vijisanduku vya mwanga, na ndani yake mistari inayozunguka ukuta kwa ukuta. Zilikuwa kambi. Askari wa kigeni walikuwa wakikimbia asubuhi ndani ya ua wa kambi, saa zikaandika, na mistari ikachora ua wote pamoja na njia za kutokea. Bara letu nalo halikusalimika. Siku hizo hizo watu walionyeshana mwanga wa kambi ya Wamarekani ya Lemonnier kule Djibouti, na nyayo za mtu aliyekuwa akikimbia kando ya bahari mjini Mogadishu, mahali ambapo mkimbiaji mwenye saa ya namna hiyo si rahisi awe mvuvi.

Hapo ndipo penye shina la maneno yangu ya leo, ndugu askari, nami nitaomba tuchelewe kidogo. Katika mji mkubwa mkimbiaji mmoja ni tone la maji baharini. Lakini askari hapelekwi mahali penye starehe. Anapelekwa mahali ambapo watu wamekimbia, mahali ambapo wananchi hawana saa za bei hiyo wala intaneti ya kuzilisha. Mahali pa namna hiyo yeye peke yake ndiye anayeng'aa. Tangu Julai 2021 Rwanda imepeleka wanajeshi na polisi wake Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, na wengine wamekuwa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan ya Kusini chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Burundi wamekaa miaka mingi Somalia. Mtanzania, Mkenya au Mnyarwanda anayekimbia raundi kumi kuzunguka kambi yake katika nchi hizo, huku saa yake ikipeleka habari, anawasha taa ambayo hakuna mlinzi anayeweza kuizima.

Wapo watakaosema, na nimewasikia wakisema, kwamba haya ni makelele ya bure kwa kuwa adui mwenye nguvu anazo setilaiti zake, na kambi haiwezi kufichika. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Picha ya setilaiti inaonyesha paa la nyumba. Haionyeshi ni nani analala chini ya paa hilo, anaamka saa ngapi, anatoka kwa mlango upi, na Jumamosi huenda kwa nani. Saa ya mkononi huyaeleza yote hayo. Isitoshe, adui wa leo katika sehemu nyingi hana setilaiti hata moja. Ana simu tu.

Julai 2018, miezi michache baada ya habari ya Strava, waandishi wa habari wa Uholanzi pamoja na kikundi cha uchunguzi kiitwacho Bellingcat walifungua ramani ya kampuni nyingine, Polar ya Finland. Walifanya jambo jepesi ambalo mtoto wa sekondari angeliweza. Walichagua kambi inayojulikana, wakatazama nani amefanya mazoezi pale, kisha wakamfuata mtu huyo huyo katika mazoezi yake mengine yote. Mtu huyu anakimbia kambini siku tano. Siku ya sita na ya saba anakimbia mtaani, akianzia kwenye nyumba fulani na kurudi kwenye nyumba hiyo hiyo. Basi ile ni nyumba yake, na ndani yake wamo mke na watoto. Kwa njia hiyo walipata watu zaidi ya 6,000 wa majeshi na idara za usalama, wengi wao kwa majina kamili. Kampuni ikaifunga ramani yake. Waandishi hao walikuwa watu wa heri, walitoa tahadhari kwanza ndipo wakaandika. Si kila mtu anayetazama ramani ni mwandishi.

Tarehe 10 Julai 2023, katika mji wa Krasnodar kusini ya Urusi, afisa mmoja wa jeshi la majini aitwaye Stanislav Rzhitsky, aliyewahi kuwa kamanda wa nyambizi, alitoka asubuhi kukimbia katika bustani. Alipigwa risasi akafa pale pale. Baada ya kifo chake vyombo vya habari vya nchi nyingi vilionyesha kwamba mbio zake zilikuwa wazi kwenye Strava, na kwamba desturi yake ya kupita katika bustani ile ilikuwa inasomeka na yeyote aliyetaka kuisoma. Sitaingia katika vita ya Urusi na Ukraine, maana si shabaha yangu. Nasema tu kwamba mtu aliyepita miaka mingi akifundishwa kujificha chini ya bahari alikutwa na mauti katika njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiitangaza.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2024, gazeti la Le Monde la Ufaransa lilionyesha kwamba walinzi wa marais wa Ufaransa, Marekani na Urusi walikuwa wakiandika mbio zao waziwazi. Walinzi wa Rais Macron waliwahi kujulikana kuwa wako Honfleur, mji mdogo wa pwani, wakati wa mapumziko yake ya mwaka 2021 ambayo hayakutangazwa. Kisha Januari 2025 gazeti hilo hilo likageukia mabaharia wa nyambizi za nyuklia katika kituo cha Île Longue. Hapa kuna jambo la ajabu. Nyambizi inapozama hakuna ishara ya simu, na baharia hapeleki kitu. Lakini kimya chake kilisema. Mtu aliyekuwa akikimbia kila juma amenyamaza ghafula, na baada ya wiki nyingi ameanza tena mahali pale pale. Aliyeziweka tarehe hizo kando kwa kando aliweza kukisia nyambizi iliondoka lini na ikarudi lini.

Yatosha habari za mbali. Turudi hapa petu.

Mji wa Rubavu umekaa mgongo kwa mgongo na Goma, na mpaka wetu, hasa ule mdogo uitwao Petite Barrière, ni miongoni mwa mipaka ya Afrika inayovukwa na watu wengi kwa miguu. Ni mji wa biashara, wa wageni na wa mapumziko ya ziwani, lakini ni mji unaojua maana ya kukaa jirani na vita. Mnamo mwisho wa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma na mji ule ukaangukia mikononi mwa M23, risasi na mabomu yalivuka yakaangukia upande huu, na raia wakapoteza maisha. Waliokuwa hapa siku zile wanakumbuka kwamba mtu aliuliza jambo moja tu: limeangukia wapi? Katika mji wa namna hiyo mahali si neno la mchezo. Ni nani yuko wapi, saa ngapi, pamoja na nani: habari hiyo ina bei, na wapo wa kuinunua.

Ndiyo maana katika mazungumzo haya sitataja kambi yoyote, wala kituo, wala kilima. Wenye kujua wanajua, na wasiojua hawana haja.

Mimi mwenyewe, ndugu wasikilizaji, sikuwa mwerevu kuliko wengine. Kwa miezi minane nilikimbia asubuhi nikiwa na programu moja kwenye simu, ambayo jina lake halina maana hapa. Nilipenda sana ile hesabu yake. Siku moja nikaifungua ramani ya miezi yote minane kwa pamoja, nikakuta mstari mwekundu mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, unaoanzia mlangoni pangu, unakwenda mpaka ziwani, unapita mbele ya duka ninaponunua mkate, na kurudi mlangoni. Nikamwonyesha mwenzangu wa kazini kwa kujivuna. Akautazama, akacheka, akaniambia, "Kumbe Jumatano ndiyo siku unayochelewa kuamka." Mimi sikuwa nimelijua jambo hilo. Yeye alilijua kwa dakika moja.

Jioni nikamwonyesha na jirani yangu, mzee aliyestaafu akiwa na cheo cha sajini. Alivaa miwani, akaishika simu mbali na uso kama wazee wanavyofanya, akanyamaza muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulipokuwa kuruta tulifundishwa kwamba doria hairudi kwa njia iliyokwendea, wala haitoki saa ile ile iliyotoka jana. Tulichapwa viboko kwa ajili ya hilo. Sasa hiki kidude chako kinakupongeza ukipita njia moja kila siku?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Tena kinanipa nishani."

Hakucheka.

Na kweli hapo mzee aliligusa jambo. Ustadi wote wa programu hizi umejengwa juu ya mazoea. Zinamsifu mtu anayefanya jambo lile lile, saa ile ile, bila kukosa siku, na kumtia aibu anayekatiza. Kwa karani au mwalimu hakuna ubaya, huenda ndivyo afya inavyopatikana. Kwa askari ni kinyume cha mafunzo yake.

Je, tutupe saa ziwani? La. Mimi sikutupa. Amri ya kupiga marufuku kila kitu ni nyepesi kuandika na ngumu kutimiza, na askari kijana aliyekatazwa bila kuelezwa hufanya kwa siri, jambo ambalo ni baya zaidi. Jeshi la Marekani lenyewe, Agosti 2018, halikukataza saa wala simu kwa jumla. Lilikataza matumizi ya uwezo wa kuonyesha mahali katika maeneo ya operesheni, na kuwapa makamanda jukumu la kuamua penginepo. Nadhani mpango huo unaingia akilini. Afande anayetaka vijana wake wawe wepesi na pia wawe salama hana budi kukaa nao chini ya mti, simu zikiwa mkononi, wafungue pamoja, wajionee wenyewe mistari yao. Hakuna somo linaloingia upesi kama mtu kuona nyumba ya mama yake kwenye ramani ya watu wote.

Kwanza kabisa, atofautishe hatua na mahali. Kifaa kidogo ndani ya simu kinachohisi mtikisiko wa mwili kinaweza kuhesabu hatua bila kujua uko Rubavu au Rusumo. Kwa afya, hesabu hiyo pamoja na saa ya kawaida inatosha. Anayefanya mazoezi kambini au karibu na kituo cha kazi basi aizuie programu yake isipewe ruhusa ya kujua mahali. Katika mipangilio ya simu nafasi hiyo ipo, na kuifunga ni kazi ya nusu dakika. Anayetaka kuandika njia zake akiwa likizoni na aandike, lakini asiache programu ipeleke kila kitu yenyewe, na asianzie wala kuishia mlangoni pake.

Hata hivyo asijidanganye kwamba kubonyeza neno "siri" kumemaliza kazi. Juni 2022 kikundi kimoja cha Israeli kilifichua hila iliyotumiwa dhidi ya askari wa nchi hiyo. Katika Strava, vipande vya barabara hugeuzwa kuwa uwanja wa mashindano, na programu hutoa orodha ya waliopita hapo na mwendo wao. Mtu asiyejulikana alitengeneza mbio za uongo, zilizochorwa kwenye kompyuta, akazipitisha ndani ya kambi za jeshi. Hakuwa amekanyaga pale hata siku moja. Programu ikaamini, na katika kumwonyesha washindani wake ikamtajia askari waliokuwa wakikimbia humo, wakiwamo waliokuwa wamejifungia kwa mipangilio mikali kabisa. Habari ambayo haikupelekwa ndiyo peke yake isiyoweza kuibiwa huko ilikopelekwa.

Kuna na jambo la picha na majina. Kijana anafungua akaunti kwa jina lake kamili, anatia cheo chake, kisha anaweka picha aliyopiga akiwa na magwanda. Baada ya hapo anakaribisha marafiki. Wapo watu wasiowahi kuonana naye ambao kila asubuhi hupata taarifa kwamba Koplo fulani amemaliza kilomita nane. Zamani taarifa kama hiyo ilipelekwa kwa mkuu wa kikosi, tena kwa maandishi yenye mhuri.

Akina dada wa jeshi na polisi nao wana la kuangalia zaidi ya barabara. Zipo programu zinazoandika siku za mwezi na habari za uzazi, na mwaka 2021 serikali ya Marekani ilifikia mapatano na kampuni ya programu iitwayo Flo, iliyokuwa imewaahidi wateja wake siri huku ikipeleka habari zao kwa makampuni mengine, ikiwamo Facebook. Daftari la shilingi chache, likifungwa kabatini, halina uwezo wa kufanya hivyo. Na programu za kulala, nazo, huandika usiku ambao mtu hakulala. Kwa polisi, usiku huo ni zamu.

Makamanda nao wana lao. Askari hupenda saa hizi kwa sababu zinamwonyesha maendeleo yake, na binadamu yeyote hupenda kuona amesonga mbele. Kambi ikiwa na ubao wa kuandika muda wa mbio za kila mwezi, na sajini mwenye saa ya kubonyeza, na mshindi akatajwa mbele ya gwaride, sehemu kubwa ya kiu hiyo itakuwa imetulizwa bila nukta hata moja kuvuka mpaka. Mchezo huo ulikuwapo kabla ya setilaiti. Sijui kwa nini sehemu nyingine umeachwa.

Mwisho, wapo watakaouliza: na yale niliyokwisha kuyapeleka, ya miaka mitatu au minne? Kufuta programu kwenye simu hakufuti habari zilizoko kwenye mitambo ya kampuni, na wengi hukosea hapo. Yakupasa uingie ndani ya akaunti yenyewe, ufute mazoezi, kisha ufute na akaunti. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayohusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, inampa mtu haki ya kutaka habari zake zifutwe, na chombo kinachoisimamia ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Mimi nilifuta zangu za miezi minane jioni ile ile, jirani yangu akiwa ameketi kando akihakikisha, naye akaniuliza mara mbili kama na ule mstari wa kwenye duka la mkate nimeuondoa.